Barabara Inapopinda

Ukitoka sokoni Bukoba kuelekea kwetu Kagondo, utafika mahali ambapo barabara inapinda bila sababu. Hakuna jabali pale, hakuna korongo wala chemchemi. Barabara inakwenda imenyooka vizuri, halafu ghafla inajikunja, inalizunguka shamba moja la migomba, kisha inarudi kwenye njia yake na kuendelea na safari. Nimesikia maelezo mengi kuhusu kona ile. Mtu mmoja alinieleza mbele ya watu kwamba mpimaji wa Kizungu alikuwa amelewa. Mwingine, msomi kabisa, alisema chini kuna mwamba mkubwa. Nilimwacha amalize, nikamwambia akalete jembe achimbe tuuone. Mimi nimezaliwa ndani ya kona ile na ninajua ilitokana na nini.

Wanaoandika habari za mji wetu huniudhi kwa jambo moja. Wote huanza na mzungu fulani aliyefika ufukweni, akapiga hema, akaanzisha mji. Alianzisha! Huyo mzungu alipita njia gani kupanda kutoka majini? Alipita njia ya bibi zetu, waliokuwa wakishuka na ndizi kwenda kubadilishana na samaki, kwenye ziwa ambalo wao waliliita Lweru kabla halijapewa jina la malkia wa watu wengine. Alikuta njia, akakuta soko, akakuta watu, na usiku wa kwanza alilala ameshiba chakula chetu. Kama hiyo ndiyo kuanzisha mji, basi hata mimi nimeanzisha mingi.

Lakini siukatai mji, nao ni wangu. Enzi za Mwingereza ulikuwa umejipanga hivi: chini kabisa, karibu na mchanga, nyumba za wakubwa wa serikali na ofisi zao, na miti iliyopandwa kwa mstari. Nyuma yake maduka ya Wahindi, yenye mapipa ya mafuta ya taa na majora ya vitambaa. Kisha msikiti, na Bilele, walikokaa watu wa kila namna waliofuata kazi: Waswahili, Waganda, Wanyamwezi, na Wahaya waliogombana na koo zao. Walutheri tulikuwa na upande wetu na Wakatoliki upande wao, na Jumapili kengele zilishindana. Halafu pembeni, mji ulipoishia na mlima kuanza, tulikuwa sisi. Watu wa mjini walituita washamba. Ndugu zetu wa Muleba walituita watu wa mjini, na kila walipotutembelea walishangaa kwamba bado tunalima. Nilikua nikiitwa majina yote mawili kwa siku moja, nikaamua kutoitika hata moja.

Kwetu palikuwa kibanja kama vibanja vyote vya Wahaya. Nyumba iko katikati, migomba imeikumbatia pande zote, mibuni iko chini ya migomba na maharage chini ya mibuni. Kuzunguka eneo lote ulisimama mlamula, ule mti mwembamba wa mpaka ambao hakuna mtu mwenye akili timamu anayethubutu kuung'oa. Na nyuma ya nyumba, chini ya migomba, lilikuwepo kaburi la baba. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Kemondo. Alibeba magunia ya kahawa mpaka kifua kikamshinda, akafa mimi nikiwa shule ya misheni. Sisi hatuna mahali pengine pa kuzikia. Kibanja ndicho kinachomlisha mtu, na ndicho kinachompokea.

Kibanja hicho hakikuwa cha mama. Hili lazima nilieleze, maana ndipo mambo yote yalipolalia. Kwa desturi yetu ardhi ni ya ukoo wa mume, na mama hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi tu. Baada ya matanga, baba mdogo, ndugu wa baba yangu na mzee wa kanisa anayeheshimika, alimruhusu abaki kwa sababu alikitunza kibanja vizuri. Alimruhusu. Neno hilo lilinichoma kila niliposikia likitamkwa, na lilitamkwa mara nyingi.

Siku moja mji ukaamua kupanda mlima. Walikuja watu wenye minyororo na fito, wakapima, wakapigilia vigingi, na tukaambiwa kwamba kuanzia hapo Kagondo yetu, au angalau kipande chake chenye kibanja chetu, iko ndani ya mpaka wa mji. Barabara mpya ingepita. Baada yao akaja mnyapara wa idara ya afya, Mhaya mwenzetu, mtu wa Muleba, amevaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa mpaka ikasimama. Alisimama nje ya lango la miti. Mama akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama anavyompokea mgeni yeyote.

"Karibu waitu," mama alimwambia, kwa neno letu la heshima. "Ingia utafune."

"Asante mama. Niko kazini."

"Aliye kazini hana meno?"

Hakucheka. Alitangaza amri akiangalia juu ya vichwa vyetu. Migomba yote iliyo ndani ya mpaka mpya ikatwe na mashina yang'olewe, maana migomba inaleta mbu na mbu wanaleta homa. Asipokata mwenyewe, watakuja vibarua kumkatia.

"Mbu?" mama akauliza. "Shuka pale mtoni Kanoni, kwenye matete nyuma ya nyumba za wakubwa wako. Kawaulize mbu wanalala wapi."

Mnyapara alikunja uso akaenda zake. Mama alibaki ameshika kikapu. Niliona uchungu wake, nikadhani ni kwa ajili ya migomba. Kumbe kilichomuumiza kwanza kilikuwa kile kikapu kilichokataliwa. Kwetu mgeni anayekataa kahawa ya mlangoni anakuwa amesema kwamba hakuja kwa heri, na yule mtu alijua hivyo vizuri kuliko sisi.

Jioni baba mdogo alikuja. Alikaa kwenye nyasi safi tulizotandika sakafuni, akatafuna kahawa bila kufikiri kama alivyozoea, akatueleza maana ya amri ile. Kibanja bila migomba ni uwanja tu. Serikali ikiutaka uwanja itatoa kifuta jasho, na kifuta jasho ni cha ukoo.

"Na wewe shemeji," akasema kwa upole wa kanisani, "utarudi kwenu Muleba. Kaka zako wapo, watakupokea."

"Na huyu aliyelala nyuma ya nyumba?" mama aliuliza. "Naye atapokelewa na nani?"

Baba mdogo alisema Mungu anajua walipo watu wake. Nilitaka kumtupia kitu. Alipoondoka nilimwambia mama kwamba nitanoa panga, na wa kwanza kuvuka mlamula atanikuta. Sikuwa natania. Nilikuwa msichana mkubwa, nina mikono ya kulima, na hasira nilikuwa nayo tangu utoto.

"Panga watakuja nalo wao," mama akasema. "Wewe kachume kahawa."

Basi tukachuma. Kahawa ya kutafuna huchumwa kabla haijaiva sawasawa, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa na kupitishwa kwenye moshi mpaka iwe nyeusi na ngumu. Nilichuma nimenuna. Nilimuuliza kama kweli anawapikia watu wanaokuja kutufukuza. Akanijibu kwamba wageni wanakuja, na hajawahi kupokea mgeni mikono mitupu.

Ambaye si wa kwetu anahitaji kuelezwa jambo hili. Mgeni akipokea kahawa mlangoni kwako akaitafuna, siku hiyo hawezi kukunyanyulia mkono, wewe wala mali yako. Hakuna aliyeliandika mahali, na hakuna aliyehitaji kuliandika. Halafu kuna jambo zito zaidi. Ndani ya tunda moja la kahawa mna punje mbili. Watu wawili wakilipasua na kila mmoja akala punje yake, wamekuwa ndugu mpaka kufa, na mmoja hawezi kumtupa mwenzake. Hilo lilikuwa jambo la wanaume, tena la zamani, na Walutheri wetu walishalikataza wakisema ni mambo ya giza. Lakini ile kahawa ya mlangoni hakuna kanisa lililoweza kuikataza.

Wakubwa wa mji walikuwa wamefikiri sana kuhusu vibarua. Hawakutaka watu wa Kagondo wala wa Bilele, kwa sababu hao wangekuwa jamaa zetu au majirani. Wakawachukua kutoka kambi ya Kemondo, wanaume wa Muleba ambao hawakutujua hata kwa sura. Waliona wamepiga hesabu nzuri. Hawakujua kwamba mama alizaliwa huko huko Muleba, na kwamba hata asingezaliwa huko, midomo ya wale wanaume ilikuwa imelelewa kama ya kwetu.

Asubuhi yao ilipofika, ukungu ulikuwa umefunika ziwa na kisiwa cha Musira hakikuonekana. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Alitoka mpaka katikati ya njia, mbele ya lango, akapiga magoti na kikapu mikononi.

Mimi sikupiga magoti. Nilisimama nyuma yake wima, na mpaka leo sioni kosa. Mwanamke wa kwetu humsalimu mgeni wa heshima kwa magoti, sawa, lakini wale mimi sikuwaona wageni wa heshima. Hata hivyo asije mtu akaandika kwamba mama alikuwa akiomba. Mtu aliyepigiwa magoti lazima aitikie, na akishaitikia lazima apokee. Mama alipiga magoti kama mtu anayetia komeo mlangoni.

Mnyapara angeweza kuwaonya wasipokee, lakini alikuwa nyuma akiwahimiza waliochelewa. Aliyetangulia alikuwa bwana afya mwenyewe, Mzungu mrefu mwenye kofia ngumu na viatu vilivyojaa tope. Alisimama mbele ya mama, akainama.

"Nini hii?"

"Kahawa, bwana," nikajibu.

Alichukua moja, akaitafuna, uso ukamkunjamana kwa uchungu wake, lakini alikuwa na adabu. "Mzuri," akasema, akachukua ya pili.

Vibarua waliona bwana mkubwa anatafuna. Wa kwanza wao alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Aliweka panga chini, akapokea kwa mikono miwili, akasema "Wakola waitu," asante, kama angesema kwenye harusi au msibani. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Mikono ilikwenda yenyewe. Niliona kijana mmoja ameshatafuna nusu ndipo akakumbuka alichokuja kufanya. Alisimama na mdomo wazi, akatazama panga lake, akatazama migomba. Lakini ilikuwa imeshaingia. Ataitema mbele ya mwanamke aliyempigia magoti?

"Msile!" mnyapara alipiga kelele akikimbia kupanda. "Nyie, msile!"

"Tumeshakula," akasema yule mwenye mvi. Akaketi kwenye majani kando ya mlamula, na wenzake wakaketi.

Bwana afya aliuliza kwa nini hawafanyi kazi. Mnyapara akamwambia wamekula. Wamekula nini, Mzungu akauliza, mbegu moja? Akacheka. Akawaamuru wasimame, nao wakasimama. Akawaamuru wakate, wakaketi tena, bila kiburi, wamejikunyata kama watu walionyeshewa. Yule mwenye mvi alisema leo haiwezekani kwa sababu wamekula kwa huyu mama. Shingo ya Mzungu ikawa nyekundu. Nakiri nilifurahi kuiona.

Akamgeukia mnyapara. "Wewe umekula?"

"Sijala, bwana."

"Basi kata wewe."

Mama akanyanyuka. Alijipangusa vumbi magotini, akasogea pembeni ya lango.

"Pita," akamwambia. "Wewe hukula kwangu. Umezuiwa na nani?"

Mnyapara alichukua panga na kuingia. Alipita mgomba wa kwanza, wa pili, akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Hapo alilikuta kaburi la baba, limetandikwa nyasi kavu, na migomba imeinama juu yake. Alisimama. Sijui aliwaza nini na sitamsingizia wema. Naye alikuwa na baba, na baba huyo alikuwa amelala katika kibanja fulani huko Muleba. Akageuka, akarudi mbele, akauendea mgomba mmoja ulioegemezwa kwenye mti wa kuutegemeza kwa uzito wa mkungu uliokomaa. Ule ulipaswa kukatwa siku zilizopita, ila sisi tulikuwa na mashaka yetu tukausahau.

Akaukata. Lakini aliukata kikwetu: alipiga panga nusu ya shina, akaliacha liiname lenyewe taratibu, akaudaka mkungu begani kabla haujagusa ardhi. Anayeangamiza shamba hakati hivyo. Aliulaza mkungu miguuni pa mama, na hakugusa mgomba mwingine.

Mama aliutazama mkungu, akamtazama yeye. Kisha akamnyooshea kikapu. Mnyapara alimtupia jicho bwana wake, akachukua kahawa, akatafuna macho yameelekea ziwani.

Bwana afya alisema maneno mengi kwa lugha yao, mengine niliyaelewa na mengine hawakutufundisha misheni. Aliahidi kurudi na askari, akashuka mlima peke yake. Wengine walibaki. Mama alisema ndizi zilizokatwa haziwezi kutupwa, akatuamuru tumenye, na vibarua wa Kemondo wakamenya pamoja nasi, wanaume wazima, wakicheka kwa aibu.

Chakula kilikuwa bado jikoni baba mdogo alipofika, ametoka jasho. Habari zilikuwa zimemfikia. Alianza kutugombeza kabla ya kusalimu. Tumemtukana mkubwa, tumeuponza ukoo, askari watakuja, na bora shemeji afunge vitu vyake arudi Muleba mambo yapoe. Alisema yote hayo mbele ya wageni, amesimama palepale langoni.

Mama alichukua tunda moja la kahawa katika kikapu, akalipasua kwa ukucha. Punje moja aliitia kinywani mwake. Nyingine akaiweka kwenye kiganja, akapiga magoti mbele ya baba mdogo, akamnyooshea.

Vibarua waliacha kumenya. Hakuna aliyewahi kuona mwanamke akifanya jambo lile, tena kwa shemeji yake, tena mzee wa kanisa.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa sauti ndogo, "mambo haya tumeyaacha."

"Kuyaacha mmeyaacha," mama akajibu. "Kuyasahau bado."

Angeweza kuondoka. Aligeuza hata mguu. Nilimwona anapima: akila, hataweza tena kumwambia mama arudi kwao, leo wala kesho, mpaka mmoja wao afe. Akikataa, atakuwa amemkataa mjane wa ndugu yake mbele ya wanaume wa Muleba, ambao wangelipeleka jambo hilo Kemondo kabla jua halijazama. Mkono wa mama ulianza kuchoka.

Hapo ndipo mimi nilipopiga magoti. Mzungu sikumpigia, mnyapara sikumpigia. Nilipiga magoti kando ya mama yangu, nikaweka kiganja changu chini ya kiganja chake, nikakishikilia.

Baba mdogo akaichukua ile punje na kuitafuna polepole, kama mtu anayekula dawa. Alipomaliza aliuliza kama ndizi zimeiva. Alikaa, akala pamoja nasi, na neno Muleba sikulisikia tena mdomoni mwake.

Askari walikuja kweli, wakakuta vikapu kwenye kila lango la Kagondo. Wanawake wote walikuwa wameweka, na askari wakarudi bila kukata hata mgomba mmoja. Vibarua wengine walitafutwa, na wote waliopatikana, ama walitafuna ama waliugua tumbo njiani. Wale wa Kemondo walinyimwa ujira wao, na mnyapara akafukuzwa kazi, akarudi kwao kulima. Sisemi alikuwa shujaa, maana kile kikapu cha kwanza alikikataa na mimi sijasahau. Mwishowe wakubwa wakaihitaji barabara kuliko hoja yao ya mbu. Wapimaji walirudi kimya kimya, wakang'oa vigingi, wakavipigilia upya nje ya mlamula wetu.

Mama aliishi pale uzee wake wote, akazikwa kando ya baba, na baba mdogo ndiye aliyemwaga udongo wa kwanza. Sasa ninaishi mimi, binti, kwenye ardhi ambayo kwa desturi haikuwa yangu, na hakuna aliyewahi kuja kuniambia niondoke. Nasikia wapo wanaosema kona ile inapoteza muda wa watu na ingefaa inyooshwe. Waje. Kahawa nimeshachemsha, na magoti ninayo.